Chuma alilipwa mshahara wake, deni likabaki

Kesho ni Jumatatu na wengi wetu tutarudi kazini. Wapo walioajiriwa, wapo walioajiri, na wapo wengi walio pande zote mbili kwa siku moja: ofisini ana bosi, nyumbani ana dada wa kazi. Kwa hiyo leo naomba tutafakari maisha ya mtu aliyetumika chini ya wengine karibu maisha yake yote, tena katika ardhi hii hii tunayoikanyaga. Jina lake ni James Chuma.

Huenda ulilisikia jina hilo shuleni, likitajwa pamoja na la mwenzake: Susi na Chuma, watumishi wa Daktari David Livingstone, waliobeba mwili wake hadi pwani. Mara nyingi habari zao huishia hapo. Lakini Chuma alikuwa na maisha kabla ya safari ile, na alikuwa na maisha baada yake. Katikati kuna jambo lililompata Zanzibar mwaka 1874, ambalo linawapata wafanyakazi hadi leo. Alilipwa mshahara wake, na bado hakutendewa haki.

Chuma alizaliwa karibu na mwaka 1850 upande wa kusini wa Ziwa Nyasa, kati ya Wayao. Akiwa mtoto alichukuliwa utumwani. Mwezi Julai 1861, katika nyanda za juu za Mto Shire, Livingstone akiwa pamoja na Askofu Charles Mackenzie walikutana na misafara ya watumwa wakawafungua waliokuwa wamefungwa. Chuma alikuwa miongoni mwa watoto waliokombolewa siku zile. Alilelewa katika kituo cha wamisionari huko Magomero. Askofu alifariki mwanzoni mwa mwaka 1862, na kazi ya misheni ilipokwama kwa njaa, magonjwa na vita, watoto wale walibaki bila mlezi.

Mwaka 1864 Livingstone alimchukua Chuma na kijana mwenzake aitwaye Wikatani, akavuka nao bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kwa meli ndogo iliyojengwa kwa ajili ya kutembea ziwani. Safari ilichukua siku 45. Huko Bombay vijana hao waliwekwa katika shule ya mmisionari wa Kiskoti, Daktari John Wilson, na mwaka 1865 Chuma akabatizwa na kupewa jina la James.

Tazama mwanzo huu, msomaji. Chuma hakuanza kazi kwa barua ya maombi wala kwa usaili. Alianza akiwa mtoto aliyeokolewa, na aliyemwokoa ndiye aliyekuja kuwa mwajiri wake. Mwanzo wa namna hiyo hauishi katika hesabu ya mshahara peke yake. Kijana anabaki na matumaini ambayo hayajatamkwa na mtu yeyote, na mwajiri anabaki na matarajio ambayo naye hayatamki.

Mwezi Machi 1866 walitua Mikindani, wakaingia bara kwa kufuata Mto Ruvuma. Livingstone alikuwa na askari kutoka India, vijana walioachiwa huru kutoka utumwani na kusomeshwa India, watu kumi wa Komoro chini ya kiongozi wao Musa, na wachache aliowafahamu zamani, akiwamo Abdullah Susi wa Shupanga, kwenye Mto Zambezi. Wikatani alipata ndugu zake njiani, akabaki kwao. Chuma akaendelea.

Naomba nikueleze kidogo jinsi kazi ya msafara ilivyokuwa, maana lugha yetu ya kazi bado inabeba mambo yake. Tunapodai posho leo, tunatumia neno ambalo kwa mpagazi lilikuwa chakula chake cha kila siku. Tunapomwita msimamizi wa vibarua mnyapara, tunamwita kwa cheo cha mkubwa wa kundi katika msafara. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 30. Mapatano ya pwani yalihusu mambo machache: mshahara, sehemu ya mshahara inayotangulizwa kabla ya kuondoka, na posho.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Yasiyosemwa yalikuwa mengi kuliko hayo. Mpagazi alitarajia kwamba mwenye msafara hatabadili njia ghafla na kumpeleka kusikojulikana. Alitarajia kwamba akiugua hataachwa porini. Alitarajia kurudishwa alikotoka, na kwamba mwenye safari atasema ukweli juu ya kazi aliyoifanya. Mwenye safari naye alitarajia kwamba watu wake hawatautupa mzigo wakati wa hatari, hawatakimbia na mali, na hawatamzushia habari. Hakuna aliyekaa na mwenzake kuyapanga hayo. Kila upande uliamini kwamba upande wa pili unayajua.

Na matarajio hayo yalivunjika mapema. Mwezi Septemba 1866, waliposikia kwamba mbele kuna mashambulizi ya vita, Musa na wenzake wa Komoro waliondoka wote. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuogopa kufa. Hawakuajiriwa kwa vita. Lakini walipofika Zanzibar mwezi Desemba, Musa alisema kwamba Livingstone ameuawa. Habari ile ilienea hadi Uingereza, ikabidi watu watumwe mwaka 1867 kuchunguza, ikaonekana ni uongo. Mwezi Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka, na sanduku la dawa likapotea pamoja nao. Livingstone akaendelea na safari ya miaka mingi katika nchi ya homa akiwa hana dawa.

Lakini haikuwa upande mmoja tu. Mwaka 1868, wakiwa karibu na Ziwa Mweru, watu wa Livingstone walitazamia kwenda Ujiji. Kulikuwa na mali iliyotumwa huko, kulikuwa na nafasi ya kupumzika. Livingstone akaamua kugeuka kusini kwenda kulitafuta Ziwa Bangweulu. Wengi wakagoma. Aliondoka na watu watano tu. Kwa macho ya mwajiri huo ulikuwa uasi. Kwa macho ya mfanyakazi, ni bosi aliyebadilisha kazi katikati bila kumuuliza mtu.

Livingstone aliporudi kutoka Bangweulu mwishoni mwa mwaka huo, aliwapokea tena wale waliogoma. Aliandika katika shajara yake kwamba hakuwaona kuwa na hatia kubwa, maana walikuwa wamechoka, na kwamba yeye mwenyewe ana mapungufu yake. Msomaji wangu, ni waajiri wangapi leo wanaweza kuandika hivyo kwenye faili la mfanyakazi aliyewagomea? Nadhani jambo lile lilifanya kazi kubwa kuliko mshahara. Mwaka 1870, Livingstone alipoondoka Bambarre kuutafuta Mto Lualaba, wengine walikataa tena kwenda. Waliokwenda naye walikuwa watatu: Susi, Gardner na Chuma.

Mwaka 1871 Henry Stanley akamkuta Livingstone Ujiji akiwa dhaifu na ameishiwa mali. Stanley alirudi pwani mwaka 1872 na kumpelekea watu wapya hadi Tabora. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyeachiwa huru kutoka utumwani na kusomeshwa na wamisionari India. Mwezi Agosti wakaelekea kusini tena. Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chifu Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi walimkuta Livingstone amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Hapo, kwa hesabu ya kawaida, kazi ilikuwa imekwisha. Mwajiri amekufa. Hakuna mtu mwenye amri juu yao, na pwani iko mbali, zaidi ya kilomita 1,600. Wangeweza kumzika pale, kugawana mali na kila mtu kushika njia yake. Hakuna mahakama ambayo ingewashika.

Walichofanya ni hiki. Waliitana wakakaa kikao, wakawachagua Susi na Chuma kuwa viongozi. Kisha walifungua masanduku ya marehemu mbele ya wote, na Jacob Wainwright akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo, ili pasiwe na mtu wa kusema kesho kwamba kitu kimeibwa. Waliutoa moyo wa marehemu na viungo vya ndani, wakavizika chini ya mti wa mpundu, Wainwright akisoma ibada ya mazishi. Mwili waliupaka chumvi, wakaukausha juani kwa siku 14. Wakauzungushia kitambaa, wakauweka ndani ya gome la mti, wakaushonea turubai, wakaubeba.

Kwa nini waliubeba? Wanahistoria wanatoa sababu mbalimbali. Wapo wanaosema ni upendo. Wapo wanaosema ni hekima ya watu waliojua kwamba, baada ya uongo wa Musa, hakuna ambaye angewaamini bila kuuona mwili. Mimi sioni haja ya kuchagua. Mtu anaweza kumpenda bosi wake na wakati huo huo akalinda jina lake mwenyewe. Mfanyakazi mwaminifu hufanya yote mawili.

Njiani waliugua hata wakalazimika kusimama kwa muda mrefu. Wanawake wawili wa msafara walifariki. Chuma ndiye aliyetangulia hadi Tabora mwezi Oktoba 1873, akiwa na barua iliyoandikwa na Wainwright, wakidhani watamkuta mtoto wa Livingstone. Badala yake walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, afisa wa Kiingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike Tabora. Wakakataa. Akavichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe, vyombo walivyokuwa wamevilinda njia nzima. Hawakuwa na la kufanya.

Mbele ya Tabora ilionekana kwamba wenyeji wa sehemu fulani hawataruhusu maiti ipitishwe katika nchi yao. Wakatengeneza furushi la uongo, wakalirudisha nyuma hadharani kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili halisi wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo. Hivyo ndivyo walivyopita.

Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Mwili ulilazwa kwenye kanisa la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Ukifika Bagamoyo hadi leo utaonyeshwa mnara wa kanisa hilo la zamani. Meli ya kivita ya Kiingereza ikatumwa kutoka Zanzibar kuja kuuchukua.

Sasa, msomaji wangu, tufike kwenye jambo nililokuambia mwanzoni. Balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, hakuwapo Zanzibar. Aliyekaimu nafasi yake, Kapteni Prideaux, aliupokea mwili na akawalipa watu wale mishahara yao. Kisha akawaachia waende. Mwili ukapakiwa melini kuelekea Uingereza, na Chuma na Susi wakabaki. Wainwright ndiye aliyesafiri, kwa sababu Shirika la Kanisa la Uingereza la umisionari lililomlea lilimlipia nauli. Tarehe 18 Aprili 1874, Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Kati ya watu waliombeba kutoka Chitambo, aliyesimama kaburini alikuwa Wainwright peke yake. Wawili waliotumika naye tangu kabla ya mwaka 1866 hawakuwapo.

Mkaguzi wa hesabu angeyapitia mahesabu ya ofisi ile, angeona mishahara imelipwa na kazi imefungwa. Kwa mapatano ya msafara, Chuma hakuwa na dai la kwenda London. Hakuna mahali alipoahidiwa kumzika mtu aliyemkomboa utotoni. Lakini mwambie mtu yeyote wa pwani au wa bara aliyembeba marehemu miezi tisa kwamba sasa apokee pesa yake aondoke kabla ya mazishi. Atakuelewaje? Kwetu, aliyebeba jeneza haulizwi amealikwa na nani.

Baadaye Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London iliagiza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara ule. Lilikuwa jambo jema, lakini lilichelewa. Wengi walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja amekwenda kutafuta riziki nyingine, na wapo ambao hawakuzipata kamwe.

Neno la Mungu linalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati 15, mstari wa 13 hadi 15, Bwana anawaagiza Waisraeli kwamba mtumwa wa ndugu zao akimaliza miaka yake sita na kuachiwa huru, asiondoke mikono mitupu. Apewe kutoka katika kundi la kondoo, kutoka uwanja wa kupuria na kutoka shinikizo la divai, kwa kadiri ambayo Bwana amembariki mwenye nyumba. Angalia kwamba hicho hakikuwa mshahara. Muda ulikuwa umekwisha na hakuna mapatano yaliyobaki. Hata hivyo Mungu aliona kwamba kati ya watu wawili walioishi na kufanya kazi pamoja miaka sita kuna kitu kisichofutwa kwa kuhesabu siku. Na sababu anayoitoa ni kwamba Israeli nao walikuwa watumwa Misri, na Bwana akawakomboa. Anayekumbuka alivyotendewa wema haagani na mtu wake kama anafunga duka.

Ashukuriwe Mungu, alikuwapo mtu mmoja aliyeliona. James Young, Mskoti mwenye kiwanda cha mafuta ya taa, rafiki wa Livingstone tangu ujana, aliwalipia Susi na Chuma nauli ya kwenda Uingereza. Hakuwa amewaajiri wala hakuwa na deni nao. Walifika mazishi yakiwa yamekwisha, lakini walipokewa na familia na marafiki wa marehemu, wakapewa medali, na wakakaa na Horace Waller wakimfafanulia shajara za mwisho za Livingstone, ambazo zilitolewa kitabu mwaka huo huo wa 1874. Mengi tunayoyajua kuhusu siku za mwisho za Livingstone yalitoka vinywani mwao.

Chuma alirudi Zanzibar, na hapa ndipo pale ambapo masomo ya shuleni huishia mapema. Alifanya kazi na Misheni ya Vyuo Vikuu chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Mwaka 1875 alisafiri na Steere kwenda kwa chifu wa Wayao, Mataka. Mwaka 1876 alikuwa katika safari iliyowapeleka watu walioachiwa huru kutoka utumwani kwenda kuanzisha makazi Masasi. Mtoto aliyewahi kupelekwa utumwani sasa alikuwa anaongoza msafara wa watu wanaotoka utumwani.

Mwaka 1879 Jumuiya ya Kijiografia ilimchukua Chuma awe mkuu wa msafara wa Keith Johnston kutoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa. Johnston alifariki Behobeho mwezi Juni, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Chuma ndiye aliyejua watu na njia. Walifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakarudi pwani mwaka 1880, na Thomson akamsifu katika kitabu chake kwa uhodari wake wa kuongoza watu na ufasaha wake mbele ya machifu.

Katika safari hiyo Thomson alikutana na jambo ambalo hakulitazamia. Aliona viboko ni ukatili, akaamua kuviondoa na badala yake kukata faini kwenye mishahara ya wakosaji. Alidhani atashukuriwa. Wapagazi wakapinga vikali, wakaona heri viboko kuliko kuguswa mshahara. Sikuelezi habari hii ili kusifu viboko. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu na hapaswi kupigwa kazini. Nakueleza uone kwamba mwajiri mwenye nia njema kabisa anaweza kukanyaga mahali patakatifu pa watu wake bila kujua. Kwa wapagazi, mshahara uliopatanwa pwani ulikuwa umeshakuwa wa mke na watoto. Kuukata njiani ilikuwa ni kuifikia nyumba ya mtu. Kama angewauliza kwanza, wangemwambia.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa bado kijana, kama miaka 30 na kitu. Ukiingia leo katika kanisa kuu la Mkunazini utaona msalaba uliotengenezwa kwa mti ule wa Chitambo, ambao Chuma na wenzake waliuzikia moyo wa Livingstone chini yake.

Sasa turudi kwako na kwangu. Mwajiri, nakuomba utafakari yale ambayo mfanyakazi wako anayasubiri na hajawahi kukuambia. Dada aliyekulelea watoto wako tangu mkubwa yuko chekechea, na sasa yuko kidato cha kwanza, anakuita mama na wewe unamwita binti yangu. Siku ukimwambia kazi imekwisha na kumkabidhi mshahara wa mwezi na nauli ya basi, sheria inaweza kuwa upande wako. Lakini neno binti ulilisema wewe, miaka mingi, na yeye alilisikia. Mlinzi aliyekesha getini kwako, akafiwa, nawe hukutuma hata mtu msibani. Karani aliyekubali kufanya kazi Jumamosi mwaka mzima kwa sababu ulimwambia mambo yakikaa sawa utamkumbuka. Mambo yalikaa sawa lini?

Na tusiache kanisa letu. Tunao wainjilisti, wahudumu wa ofisi, watunza majengo na walimu wa kwaya waliotumika miaka 20 kwa posho ndogo, bila michango ya pensheni, kwa sababu tuliwaambia ni kazi ya Bwana. Ni kweli ni kazi ya Bwana. Ndiyo maana Bwana atauliza habari zao. Yakobo 5:4 inasema kilio cha watenda kazi walionyimwa ujira wao kimemfikia Bwana wa majeshi, na haituambii kwamba kilio hicho hakisikiki kikitoka vyumba vya kanisani. Wazee wa kanisa wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho.

Nawe uliyeajiriwa, usiseme kwamba leo wamesemwa mabosi tu. Musa wa Komoro alikuwa na haki ya kuogopa, lakini hakuwa na haki ya kudanganya. Uongo wake uliwachafua hata wenzake waliobaki porini wakitumika kwa uaminifu. Unapoondoka kazini na funguo, na orodha ya wateja, au na maneno ya kumchafua aliyekulisha, wanaolipa ni wale watakaokuja kuomba kazi baada yako. Fikiria orodha ile ya Wainwright. Hakuna aliyewadai, lakini walifungua masanduku mbele ya wote wakaandika.

Pia jifunze kusema. Katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, walioingia alfajiri walipatana dinari moja. Jioni walipoona waliokuja mwisho wamepewa dinari, mioyoni mwao wakajiongezea mshahara ambao hawakuupatana, na uchungu ukaanza hapo. Waliokuja baadaye, wale wa saa tatu na kuendelea, hawakutajiwa kiasi. Waliahidiwa tu kilicho haki, wakamwamini mwenye shamba, naye hakuwaangusha. Kwa hiyo si kila tarajio letu ni deni la bosi. Mengine tumejitengenezea wenyewe kimya kimya, tukamnunia mtu asiyejua kosa lake. Kama unatarajia kupandishwa, uliza. Kama unadhani nauli ni juu ya mwajiri, sema siku ya kwanza. Na wewe mwajiri, mtu akikuuliza, usimwone mkorofi.

Paulo aliwaandikia Wakolosai, sura ya 4 mstari wa 1, kwamba wenye watumwa wawape haki na usawa, wakijua kwamba wao nao wana Bwana mbinguni. Hakusema haki peke yake. Prideaux alilipa mishahara. Young akalipa nauli ambayo hakudaiwa. Ukifika kazini kesho, au ukirudi nyumbani leo kutoka ibadani, mtafute mtu mmoja unayemwajiri umuulize anatarajia nini kutoka kwako. Kisha mwambie nawe unatarajia nini kutoka kwake. Kama yupo aliyeondoka kwako mikono mitupu, na namba yake ya simu bado unayo, mpigie.

Bwana akubariki, akupe macho ya kuona wanaokubebea mizigo. Jumapili njema.